Nguru wa Togia katika Friza ya Manogi

Wifi yangu Manogi hapendi mtu mwingine afungue friza yake. Ukitaka kitu unamwambia, anafuta mikono, anakwenda mwenyewe kwenye kibanda cha nyuma, anafungua, anachukua, anafunga, na kazi yote haizidi muda wa kupiga chafya mbili. Mimi ni dada wa mumewe. Nimeishi naye ua mmoja hapa Mutalau miaka ishirini na sita, na friza hiyo nimeifungua bila ruhusa mara moja tu, nikitafuta barafu ya kuweka kwenye goti. Alinikuta nimeinama kama mtu anayechungulia kisima.

"Ataloma, umedondosha pete humo?"

"Natafuta barafu, wifi."

"Basi tafuta upesi. Unaniingizia joto la kisiwa kizima."

Nilinuna mpaka jioni. Goti langu lilikuwa limevimba kama papai, na yeye alikuwa anaihurumia friza.

Alirudi kisiwani kwetu Niue baada ya miaka kumi na mmoja Auckland, kwenye kiwanda cha kuku, upande wa chumba cha baridi, ambako alivaa makoti mawili na bado pua ilimchuruzika mwaka mzima. Wenzake walirudi na televisheni na magodoro. Yeye alishusha melini friza ndefu nyeupe ya kifuniko cha juu, wanaume wanne wakaibeba huku wakimsema, na pamoja nayo akashusha maneno yake ya kiwandani ambayo tumeyasikia mpaka tunayaota. Chakula cha moto kipoe kwanza, ila kuisahau sufuria mezani tangu mchana si kupoza, ni uvivu. Nyama ikatwe vipande vya kutosha pishi moja, maana kilichokwisha kuyeyuka hakirudi. Kibichi kikae chini, kilichopikwa juu, damu isije ikadondokea usichotaka. Hewa ikamuliwe kwenye mfuko, vifurushi vilazwe bapa, visibanane mpaka vigande, na kila kimoja kiwe na utepe wenye jina na tarehe.

"Barafu haiui kitu," husema. "Inalaza tu. Ukikiamsha kimeamka, na kimeamka na njaa yake."

Nilikuwa nikimcheka. Lakini ukweli lazima niuseme: katika sherehe zote ambazo chakula chake kilipita kibandani kwa Manogi, sijasikia mtu aliyeshikwa na tumbo. Ndiyo maana familia yenye shughuli, iwe ya kunyoa nywele za mwana au kutoga masikio ya binti, huleta samaki na nyama kwake miezi kabla. Siku ya sherehe vyote hutandazwa chini juu ya majani, mwita majina hupaza sauti, "Samaki wanne, wa fulani!" na watu huitikia kwa shukrani kabla ya kugawana. Kwetu jina huitwa juu ya kitu. Hakuna kitu, hakuna jina. Mtu anaweza kusahau deni lako, lakini siku ambayo jina lako halikuitwa ataikumbuka mpaka kaburini.

Safari hii shughuli ilikuwa ya Manogi mwenyewe. Mjukuu wake Hinemata, wa miaka kumi, alikuwa anatogwa masikio mwezi wa nane.

Wa kwanza kuleta samaki alikuwa Togia, jirani yetu, mzee mwembamba aliyekuwa bado anashusha ngalawa yake majabalini peke yake wakati vijana wa rika la wanawe wanatumia injini. Alimwita Hinemata mchumba wake. "Mchumba, masikio yako nitayaletea nguru," alimwambia, na mwezi wa pili akaja naye begani, nguru mmoja mrefu, mkia unaburuta njia nzima. Manogi alimsafisha, akamkunja kidogo ili kifuniko kifunge, akamwandikia utepe: TOGIA, NGURU MMOJA, na tarehe. Wiki moja kabla ya Pasaka mzee alilala mchana akapitiliza. Hakuwa ametoka tena baharini baada ya siku ile, kwa hiyo yule alikuwa samaki wake wa mwisho. Mkewe Lofia aliwapigia simu watoto wao Auckland, nao wakaahidi kwamba kama hawakuwahi kuzika, basi watakuja kwenye masikio ya Hinemata wasikie jina la baba yao likiitwa.

Mwezi wa saba Manogi akaitwa Auckland kufanyiwa upasuaji wa jicho. Wiki tatu. Alifungasha nguo dakika tano, na saa mbili zilizobaki alimhutubia mumewe, yaani kaka yangu Hafe, mbele ya friza.

"Baba Iki, usifungue bila sababu."

"Sawa."

"Imefika nusu. Ukiongeza, ongeza vitatu vinne kwa siku, tena vilivyopoa kwenye barafu. Usimwage mzigo wa moto humu. Friza si tanuri la kinyumenyume, haiwezi kupoza kila kitu kwa mara moja."

"Mke wangu, mimi si mtoto."

"Mtoto ningempa kazi nyingine," akasema, akaingia garini.

Kaka yangu ni mtu mwema, nitamtetea mpaka mwisho, lakini ana ugonjwa mmoja: hawezi kumwambia mtu hapana. Jumamosi ya kwanza baada ya Manogi kuondoka, nguru walikuja karibu na majabali kwa wingi ambao hatujauona miaka mingi. Wanaume walianza kuvuta asubuhi, na kufikia saa kumi jioni nguru thelathini na mmoja walikuwa wamelazwa kwenye sakafu ya saruji mbele ya nyumba yetu, jua likiwapiga tangu mitumbwini. Kila mmoja aliyeleta alisema neno moja: "Wa masikio ya mtoto."

Sasa fikiria. Kesho yake ni Jumapili. Hapa Jumapili hakuna kuvua, hakuna kupasua, hakuna kukausha kwa moshi, hata kuonekana barabarani na kisu ni habari ya kijiji. Chakula cha sherehe hakikataliwi, kumrudisha mtu na samaki wake ni kumtukana yeye na mama yake. Siku ilikuwa imebaki na saa mbili za mwanga.

"Tuwatie tu," Hafe akasema, uso unang'aa kama wa bwana harusi. "Manogi akirudi atafurahi."

Mimi nilikuwepo, sijifichi. Nilishika mikia. Tuliwatia wazima wazima, wengine bado vuguvugu, juu ya vifurushi vyote vya wifi yangu vilivyopangwa kama vitabu, na tulicheka sana kifuniko kilipokataa kufunga. Hafe akaleta tofali la saruji akaliweka juu. Kifuniko kikashuka, kikabaki na mwanya wa vidole viwili, na sisi tukaenda kuoga kwa ajili ya Jumapili.

Jumatatu asubuhi nilimwona kaka yangu anapiga deki kibandani. Tangu azaliwe sijamwona na dekio mkononi. Nilipaswa kuuliza, sikuuliza. Alipunguza samaki kumi, akawapeleka wakakaushwe kwa moshi haraka haraka, waliobaki wakakaa vizuri, kifuniko kikafunga, na kufikia Alhamisi ukigonga humo ndani ilikuwa kama kugonga mwamba. Wale wa moshi tuliwala sisi na mbwa, na Mungu alitusitiri, sijui kwa nini.

Manogi alirudi kwa ndege ya Ijumaa, siku nane kabla ya sherehe, amevaa miwani myeusi kama mcheza sinema. Kesho yake asubuhi, hata chai hajamaliza, alikwenda kibandani. Tukasikia kifuniko kinafunguliwa. Hatukusikia kikifungwa.

"Ataloma! Baba Iki! Njooni."

Alikuwa amesimama na kikombe cha plastiki mkononi. Kikombe hicho hukaa kwenye kona ya friza siku zote anaposafiri. Hukijaza maji, huyagandisha, kisha huweka sarafu juu ya barafu. Barafu isipoyeyuka, sarafu hubaki juu alipoiacha. Akakigeuza tukaona chini yake. Sarafu ilikuwa imelala kwenye kitako cha kikombe, barafu yote iko juu yake.

"Nani ataniambia," akasema, "hii iliogelea lini?"

Hafe akaangalia dari. Kibanda chenyewe hakina dari.

"Umeme ulikatika kidogo," akasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Baba Iki, sarafu haizami kwa kidogo. Na hii mifuko ina ziwa la barafu chini, na vifurushi vyangu vya juu vimekuwa vya chini. Umeme una mikono?"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikaona bora niseme mimi, maana kaka yangu angesimama pale mpaka Krismasi. Nikamweleza Jumamosi ile, samaki, tofali, mwanya, dekio. Alinisikiliza huku anakirudisha kikombe mahali pake. Kisha akauliza mwanya ulikaa muda gani.

"Mpaka Jumatatu asubuhi," Hafe akasema polepole.

Alifunga kifuniko. Alikifunga taratibu, kwa mikono miwili.

"Wote watupwe."

"Wote!" Hafe akaruka. "Mke wangu, wagonge uwasikie, ni mawe! Hawanuki. Nani atajua?"

"Mimi najua. Na wewe unajua, na Ataloma aliyeshika mikia anajua."

"Tuwapike sana," nikasema. "Tuwachemshe mpaka waombe msamaha."

"Nguru akikaa kwenye joto anatengeneza sumu ambayo haijui moto na haijui barafu," akasema. "Hainuki, haina rangi. Nilikuwa kwenye harusi moja kule, jodari alisahauliwa nje mchana, wakamgandisha, wakampika. Watu wakawa wekundu kama pilipili, mioyo inawapiga, wazee wawili wakabebwa. Na aliyempika alikuwa mpishi, si mimi na nyie." Akavua miwani, akakumbuka daktari, akaivaa tena. "Siwezi kuwalisha watu mia tatu kwa kuogopa aibu. Heri lawama kuliko fedheha."

Hafe akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Na wa Togia?"

Manogi akakifungua kifuniko tena. Sote tulikuwa tunamkwepa yule samaki tangu mwanzo. Alikuwa chini kabisa kwenye kona, na utepe wake, maandishi bado yanasomeka. Akapekua, akamtoa. Mfuko ulikuwa umejaa barafu nyekundu iliyotulia upande mmoja, na mgongo wa samaki ulikuwa umelainika ukaganda kwa umbo la samaki aliyekuwa amemlalia. Hata mtoto angeweza kuona kwamba ameyeyuka.

"Watoto wake wanakuja Ijumaa," Hafe akasema. "Mwanetu Iki amezungumza nao. Wanakuja kwa ajili ya huyu tu."

"Najua wanakuja kwa ajili ya nini."

"Mmoja tu, mke wangu. Atandazwe, aitwe, asiliwe. Tumfiche baadaye."

Nilidhani atakubali. Hata mimi nilitaka akubali. Lakini kwetu kitu kikitandazwa kinagawiwa. Kipande cha samaki wa marehemu kingegombewa, watoto wake wangekula kwanza, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumnyang'anya binti wa Togia samaki wa baba yake bila kumwambia sababu mbele ya watu. Manogi aliyaona hayo kabla yangu. Akamrudisha, akasema atakwenda kwa Lofia Jumatatu, na Jumapili kanisani ni mara ya kwanza nimesimama karibu naye nisisikie akiimba.

Jumatatu nilimsindikiza. Lofia alikuwa anamenya magimbi barazani, kaburi la mumewe jeupe pale mbele, maua mapya juu yake. Ni mwanamke mkavu, maneno yake yanahesabika, na mimi tangu utotoni namwogopa kidogo.

"Karibuni. Jicho linaonaje?"

"Linaona, mama. Limeona jambo baya." Manogi hakukaa. Alieleza yote amesimama kama mwanafunzi: friza yake, samaki wengi, kifuniko, sarafu. Hakumtaja Hafe hata kidogo. "Samaki wa mzee ameharibika mkononi mwangu. Nimekuja kukuambia kabla sijamtupa. Ukitaka kunitukana, nipo."

Kisu cha Lofia kikaendelea. Akamenya gimbi zima, akalitupia kwenye beseni, akachukua jingine.

"Ulimwahidi kwamba utamtunza."

"Nilimwahidi."

"Alirudi hapa anajisifu. 'Samaki wangu yuko kwa Manogi, hata mimi nikioza yeye hataoza.'"

Manogi akashika nguzo ya baraza. Lofia akaweka kisu chini, na midomo yake ikaanza kucheza, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka.

"Mjinga yule mzee. Miaka arobaini na tisa nimempikia, samaki aliyelala usiku mmoja hamli. Anasukuma sahani. 'Huyu kachoka,' ananiambia. Wake mwenyewe kalala miezi sita!" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Manogi akakaa chini kando yake, akachukua kisu, akamenya magimbi yaliyobaki. Mimi nikayaosha.

Tulipoinuka, Lofia akasema, "Nileteeni. Nitamzika mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Na jina lake? Wanangu wamekata tiketi."

"Mama, jina bila kitu..."

"Najua mila, sikuzaliwa Auckland. Nakuuliza tu."

Alimzika chini ya mpapai, na utepe wake, akaweka jiwe juu ili nguruwe wasifukue. Waliobaki walikuwa kazi ya Hafe. Hakuna aliyemlazimisha. Ardhi yetu ni mwamba uliofunikwa vumbi, na alipiga mtaimbo siku mbili mpaka shimo likamfika kifuani, viganja vimechubuka, kila nikimpelekea maji ananiambia weka hapo.

Jumanne familia zilikutana ukumbini kupanga shughuli. Manogi akasimama wa kwanza.

"Samaki wote mliotuletea nimewaharibu. Friza ni yangu na kosa ni langu. Hatutatandaza samaki."

Hafe akainuka nyuma, viganja vimefungwa vitambaa.

"Mke wangu hakuwepo hata kisiwani," akasema. "Ni mimi. Alinikataza, nikafanya. Kama kuna wa kusemwa, ni huyu hapa." Akakaa. Nami, kwa kuwa aibu ikigawanywa inapungua, nikainua mkono nikasema kwamba nilishika mikia.

Pulefolau, ambaye ana mashua ya injini na mdomo wa injini mbili, hakuweza kujizuia.

"Samaki wangu waliondoka kwangu wazima. Friza ndiyo iliyougua."

"Uliwaacha juani tangu saa nne," Manogi akamjibu bila kugeuka. "Walifika kwangu na homa."

Watu wakacheka, lakini si wote. Wengine waliondoka bila kutuaga, na wiki nzima bahari ilichafuka, upepo wa kusini ukawa unapiga majabali mpaka povu linafika barabarani, hakuna mtumbwi uliotoka. Kwa hiyo hapakuwa na samaki wa kuficha aibu. Ijumaa ndege ikaja, na watoto watatu wa Togia wakashuka wamebeba masanduku ya barafu matupu, tayari kwa kubebea mgao.

Jumamosi Hinemata alitogwa. Shangazi yake alimpitishia sindano upande wa kulia, mtoto akauma midomo, upande wa kushoto akapiga ukelele uliowaamsha nguruwe waliokwisha kuchinjwa. Akatoka na uzi mwekundu masikioni, pua inachuruzika, tumemvalisha nguo nzito kuliko yeye. Kisha tukaenda uwanjani kutandaza.

Nguruwe walikuwepo, kumi na wanane. Magimbi yalikuwepo, kilima. Kaa wa minazi walikuwepo wamefungwa, wanatishia watu kwa makucha. Manogi alipita katikati ya safu na fungu la majani ya migomba kichwani, akaanza kutandaza majani upande wa samaki. Jani, nafasi, jani, nafasi. Nilimfuata.

"Wifi, unatandika kitanda cha nani?"

"Shika hilo, nyoosha."

Alipomaliza, safu ya majani ishirini na zaidi ilikuwa chini, haina kitu. Akamwendea Fakahula, mwita majina wetu, mzee mwenye sauti ya kengele, akampa karatasi.

Fakahula akaisoma mara mbili. "Manogi, hapa hakuna samaki."

"Hakuna."

"Sijawahi kuita jani."

"Walivua, wakaleta, wakanipa mkononi. Walichofanya kilifanyika. Kuharibu nimeharibu mimi. Ita."

"Mila—"

"Mila kama ina adhabu, nitaibeba mwenyewe kesho. Leo ita, baba."

Akaita nguruwe, akaita magimbi, watu wakaitikia kama kawaida. Alipofika kwenye majani akakohoa. Nilimwona anatafuta mtu wa kumwokoa. Kisha akaelekeza fimbo kwenye jani la kwanza.

"Nguru watatu! Wa Pulefolau!"

Watu wakalitazama jani. Nilitamani ardhi, pamoja na mwamba wake, inimeze. Ghafla sauti ikatoka kwenye kundi la wanaume.

"Wanne!" Pulefolau akapiga kelele. "Walikuwa wanne, usiniibie!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. "Nguru wanne, wa Pulefolau!" Fakahula akarudia, na sasa watu wakaitikia, ahsante, ahsante, na Pulefolau akainua mkono kama mtu aliyeleta ng'ombe. Tangu hapo ikaenda. Jani baada ya jani, jina baada ya jina, na wale walioondoka Jumanne bila kutuaga nikawaona wanaitikia majina yao wenyewe, wengine wakiongeza samaki ambao sikumbuki kuwashika mikia.

Likabaki moja, mwisho wa safu. Manogi alikuwa amelichagua jani hilo mwenyewe, refu kuliko mengine. Fakahula hakupaza sauti safari hii, ila kila mtu alisikia.

"Nguru mmoja. Wa Togia."

Hafe ndiye aliyeanza, kutoka nyuma kabisa: "Ahsante, Togia!" Uwanja mzima ukafuata, wazee kwa watoto, na binti wa Togia akajifunika uso kwa mikono miwili, kaka zake wakamshika.

Lofia akainuka. Alikwenda polepole mpaka kwenye jani, akasimama kando yake, akaangalia huku na huku.

"Mchumba wa mzee yuko wapi? Njoo uchukue samaki wako."

Hinemata akamtazama bibi yake, hajui afanye nini. Manogi akamsukuma kidogo mgongoni. Mtoto akaenda na nyuzi zake nyekundu masikioni, akainama, akaliinua jani kwa ncha zake mbili ili lisimwage kitu, akatembea nalo taratibu uwanja mzima, na watu wakampisha njia. Manogi alilipokea kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanatoka chini ya ile miwani, jicho zuri na jicho bovu pamoja.

"Mzito?" akamuuliza.

"Mzito, bibi," mtoto akasema.